Kabla Hujachomoa Flashi wala Kuzima Seva

Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, ikikuonyesha kwamba faili limenakiliwa, mara nyingi data bado iko kwenye RAM, kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika. Kwa mipangilio ya kawaida inaweza kukaa humo sekunde 30 hivi kabla ya kuanza kusukumwa kwenye diski, na umeme ukikatika hapo katikati, imekwenda.

UPS, kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, iwepo na betri yake iwe nzima. Nakala ya pili iwe kwenye diski nyingine. Seva izimwe kwa amri, si kwa kushikilia kitufe.

Flashi ndiyo inayoliza watu. Jamaa mmoja mpiga video za harusi alihamisha GB 2 kutoka kadi ya kamera kwenda kwenye flashi. RAM ilikuwa kubwa, ikameza zote chini ya dakika moja, mstari wa kunakili ukajaa, akachomoa. Flashi ya bei rahisi ikiandika MB 8 kwa sekunde, mzigo ule unataka dakika nne na zaidi! Jioni ile akaifuta kadi, kesho yake ana harusi nyingine. Bibi harusi alipokuja, jina la faili lilikuwepo ila video haikufunguka. Hakuna wa kumrudishia siku ile.

Kwa hiyo kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, andika `sync`, amri ya kusukuma data iliyobaki kwenye diski, kisha ngoja. Terminali isiporudi kupokea amri nyingine, kazi haijaisha, usiiguse. Ukitaka kuhakikisha, fungua `/proc/meminfo` usome mistari ya Dirty (data inayosubiri kuandikwa) na Writeback (inayoandikwa sasa). Namba zake zikikaribia sifuri, toa flashi kwa `umount`, ndipo uchomoe. Kadi usiifute mpaka umeichezesha video hiyo kwenye mashine nyingine.

Mnaoandika programu, `write`, wito wa kuandika data, peke yake haitoshi. Iteni `fsync`, inayolazimisha data ya faili ifike kwenye diski, na msome jibu lake. Mwaka 2018 watu wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, walibaini kwamba `fsync` ikifeli kwenye Linux, ukiirudia inaweza kujibu kuwa mambo safi ilhali data imeshapotea. Siku hizi PostgreSQL ikipata kosa hilo inajiangusha yenyewe na kujijenga upya kutoka kwenye kumbukumbu zake za miamala. Nanyi msirudie tu mkaendelea. Na mkibadilisha jina la faili la muda, itieni `fsync` folda yake pia.

Diski nazo zina akiba ya ndani inayopotea umeme ukizimika. Kwa seva, nunua zenye kinga dhidi ya umeme kukatika. Laptop ichajiwe kabla ya kazi kubwa. Waya uliolegea ubadilishwe leo.