Somo: Tabaka dhaifu ndani ya theluji, kwa wanaopanda milima kwa pikipiki za theluji

Ndugu zangu wa Calgary, Edmonton na kwingineko mnaoanza kupeleka mashine zenu Revelstoke, Golden na Valemount, someni hili kabla ya kujaza mafuta. Tarehe 29 Januari 2016, karibu na McBride, British Columbia, maporomoko ya theluji yaliua waendeshaji 5 kwa siku moja. Wengi wetu tunaogopa theluji mpya tunayoiona. Mimi naogopa zaidi tabaka jembamba lililofukiwa wiki kadhaa nyuma, ambalo hakuna jicho linaloliona kutoka juu.

Hatua ya 1: Fahamu jinsi tabaka hilo linavyozaliwa. Usiku wa baridi usio na mawingu wala upepo, jalidi huota juu ya theluji, vipande vyembamba vinavyometameta asubuhi. Theluji mpya ikianguka kabla jua au upepo haujaviharibu, vinafukiwa vikiwa vimesimama, na juu yake hujengeka bamba zito la theluji iliyoshikana. Aina ya pili huanzia chini. Ardhi hubaki karibu na nyuzi 0 hata hewa ikishuka hadi −20. Theluji ikiwa haba, mvuke hupanda kwa nguvu na kugeuza chembe ziwe kubwa, zenye pembe. Zikamate kwa glavu uzifinye: hazishikani, humwagika kama sukari.

Hatua ya 2: Soma taarifa ya siku hiyo ya Avalanche Canada, shirika linalotoa tahadhari za maporomoko ya theluji. Ngazi za hatari ni 5, lakini usiishie kwenye namba. Tafuta panapotajwa tabaka dhaifu linalodumu, liko kimo gani na miteremko inayotazama upande upi. Ngazi ya 3 huwadanganya wengi kwa kuwa iko katikati. Maana yake ni kwamba mtu kuangusha poromoko ni jambo la kutarajiwa.

Hatua ya 3: Bikoni (kifaa kinachotuma na kupokea mawimbi ya redio ili aliyefukiwa apatikane), ufito wa kumtafutia na koleo vikae mwilini, kwa kila mmoja. Koleo lililofungwa kwenye mashine huzikwa pamoja na mashine.

Hatua ya 4: Chimba shimo kwenye mteremko mdogo salama unaotazama upande ule ule mnaotaka kupanda. Kata nguzo ya sentimita 30 kwa 30, laza koleo juu, gonga mara 10 kwa kifundo cha mkono, 10 kwa kiwiko, 10 kwa bega. Nguzo ikikatika ghafla na kuacha uso laini, umeshalipata tabaka dhaifu. Isipokatika, bado hujapewa ruhusa, kwa sababu hali hubadilika ndani ya mita chache. Na mkisikia mngurumo mfupi mzito chini yenu, au nyufa zikakimbia mbele ya mashine, hakuna haja ya kupima chochote. Ondokeni.

Hatua ya 5: Chagua mteremko. Hapa ndipo uhai ulipo. Mabamba mengi huanguka kwenye nyuzi 30 hadi 45 za mwinuko, na ndiyo miteremko tunayoipenda. Pima kwa dira yenye kipimo cha mwinuko au programu ya simu. Tabaka likiwa limetajwa, baki chini ya nyuzi 30, pasipo na mwinuko mkali juu yako, maana mpasuko unaweza kuanzia bondeni unapopita na kukimbilia mlimani.

Hatua ya 6: Mmoja apande, wengine wasubiri nje kabisa ya njia ya poromoko, mashine zimeelekezwa pa kutokea. Aliyekwama ajikwamue mwenyewe. Mashine ya pili inayokwenda kumsaidia ndiyo uzito wa ziada ambao tabaka lilikuwa linaungoja.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, tukikuta mteremko umeshapitwa na mashine kumi, si umeshapimwa?

Hapana, ndugu yangu. Bamba halina unene mmoja. Ya kumi na moja ikipita palipo pembamba, karibu na jiwe lililofunikwa, uzito hulifikia tabaka na mteremko mzima hukatika.

Kaka, theluji haijaanguka siku tano. Bado kuna hatari?

Bado, dada. Theluji mpya hutulia kwa siku chache, jalidi iliyofukiwa hukaa wiki nyingi, na zile chembe za chini huweza kudumu msimu mzima.

Nina mfuko wa hewa wa mgongoni. Unatosha?

Ununue, unaongeza nafasi ya kubaki juu. Haukukingi na miti wala mawe. Kabla yake, chukua kozi ya AST 1, mafunzo ya mwanzo ya usalama wa maporomoko ya theluji. Ipo ya waendesha pikipiki za theluji.

Mwenzetu akifunikwa, tukimbilie wote?

Kwanza angalieni kilichobaki juu yenu. Karibu na Fernie, tarehe 28 Desemba 2008, poromoko la pili liliwakuta watu wakiwa wanachimbua wenzao. Waliokufa walikuwa 8. Pakiwa salama, wote wageuze bikoni zipokee, simu zikae mbali nazo angalau sentimita 50, maana baada ya dakika 10 hivi nafasi ya kumtoa hai hushuka haraka sana. Ufito ukigusa mwili, uacheni pale pale, mchimbe kutokea upande wa chini wa mteremko.