Namna ya kupata pesa za serikali zikulipie mafunzo ya AI

Kila serikali saa hizi inatangaza imetenga pesa za kufundisha watu akili mnemba (AI), na mtu akisikia hivyo anaingia mtandaoni kutafuta fomu, fomu haioni, anaacha. Mara nyingi hiyo fomu haipo kabisa. Pesa haikusubiri wewe mezani, inapita kwenye njia zake, na kila njia ina mlango wake na watu wake, kwa hiyo cha kwanza kabisa jua wewe unapitia wapi.

Kuna nchi pesa inakaa kwa jina lako mwenyewe. Ufaransa mfanyakazi ana akaunti ya mafunzo, wanaiita CPF, inaingizwa euro 500 kwa mwaka mpaka ifike 5,000, na asiye na elimu kubwa anaingiziwa 800 mpaka 8,000. Singapore kila raia akifika miaka 25 anapewa dola 500 za kule za kusomea, na Mei 2024 wenye miaka 40 na kuendelea waliongezewa 4,000 ili warudi darasani. Kama nchi uliyopo ina kitu cha namna hii basi huombi msaada, unatumia haki yako, ingia kwenye portali ya serikali uangalie salio. Wapo wengi hawajawahi hata kuifungua hiyo akaunti, inauma kweli.

Huna ajira? Anzia ofisi ya serikali ya kazi na ajira, usianzie chuoni. Ujerumani ofisi hiyo ndo inayotoa vocha ya mafunzo, na Marekani ipo sheria ya mwaka 2014 inaitwa WIOA inayolipia watu kozi kupitia vituo vya ajira. Hapo utakaa na afisa, na yeye ndo anaamua, kwa hiyo jiandae kama unaenda intavyuu.

Ukiwa kazini, pesa inaweza kuwa inakatwa tayari na wewe hujui. Afrika Kusini mwajiri analipa asilimia 1 ya jumla ya mishahara kama tozo ya ujuzi, Kenya analipa tozo inayohesabiwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, afu anaweza kudai sehemu irudi akifundisha watu wake kwa kufuata utaratibu. Ni mwajiri anayedai, sio wewe, ila unaweza kumwendea HR ukiwa umeshatafuta kozi, bei na tarehe, ukamwambia tozo mnayolipa ndo inayoweza kulipia hii. Maafisa wengi hawana muda wa kutafuta hayo yote, ukimletea kazi iliyokamilika ni rahisi kukubali.

Na kuna kozi ambazo zimeshalipiwa kabla hujafika. Mfano mzuri ni Elements of AI ya Chuo Kikuu cha Helsinki, ilianza 2018, ni bure, haitaki ujue kuandika programu, na mtu yeyote duniani anajiunga. Nigeria walianzisha 3MTT mwaka 2023, mpango wa serikali wa kufundisha watu milioni 3 ujuzi wa teknolojia, hiyo unaapply na ukichaguliwa unasoma, na AI imo. Kama huna uhakika AI inakufaa anza na ya bure kabla hujaomba pesa kubwa, maana pia inakupa kitu cha kuonyesha kwenye maombi.

Sasa sheria moja ambayo naomba uishike kuliko zote: usilipe wala kuanza kozi kabla hujapata idhini kwa maandishi. Mifuko mingi ya umma hairudishi pesa ya kitu kilichoanza bila wao, hata kama ulikuwa na sifa zote. Na kabla ya hapo hakikisha kozi yenyewe ipo kwenye orodha iliyoidhinishwa, sio chuo tu, KOZI, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na kozi kumi na zilizoidhinishwa ni mbili. Angalia mwenyewe kwenye orodha ya serikali, usichukue neno la mtu wa mauzo.

Barua ya maombi ndo inawaangusha wengi. Mtu anaandika "napenda teknolojia na nataka kwenda na wakati", afisa anasoma hayo maneno siku nzima. Yeye anatakiwa ajibu swali moja kwa wakubwa zake, hii pesa italeta kazi au kipato gani, basi msaidie kulijibu. Andika hivi: nafanya kazi ya uhasibu, ankara tunaziingiza kwa mkono, kozi hii inafundisha kusafisha data na kutumia modeli za AI kusoma nyaraka, nikimaliza nitaweza kuomba kazi za uchambuzi wa data, na matangazo matatu ya kazi hizo nimeambatanisha. Yaani kazi yako ya sasa, kitu gani kwenye kozi, unaenda wapi, ushahidi. Hata ukurasa mmoja unatosha.

Kozi nayo ichunguze. Zimejaa kozi zinazoitwa za AI na ndani ni namna ya kuandika maswali kwa chatboti tu, na hilo unajifunza mwenyewe bure. Ukitaka kazi ya kiufundi tafuta yenye takwimu, Python (lugha ya kuandikia programu), kusafisha data na mradi unaoufanya mwenyewe ukakosolewa na mwalimu. Ukiwa mwalimu, nesi au karani hauhitaji yote hayo, ila lazima wafundishe kukagua majibu ya mashine na kulinda taarifa za watu, vinginevyo utatoka na cheti huku hatari umeiongeza.

Hesabu pia visivyo ada. Laptopu, bando, nauli, mtoto atabaki na nani. Baadhi ya mifuko inasaidia haya ila hawakwambii usipouliza, na watu wengi wanaacha kozi njiani kwa sababu ya hivi sio kwa ugumu wa masomo. Soma mkataba sehemu ya mahudhurio, kuna unaosema ukiacha unarudisha pesa.

Matapeli wapo, tena wengi. Ufaransa ilibidi Desemba 2022 watunge sheria kukataza kabisa watu kupigiwa simu wakishawishiwa watumie akaunti zao za mafunzo, kwa jinsi salio zilivyokuwa zinaibwa. Anayekutafuta yeye na kukuomba neno la siri, au ada ndogo ya "kufungua ruzuku", kata simu.

Ukikataliwa omba sababu kwa maandishi, na uliza kama kuna rufaa. Mara nyingi ni karatasi imepungua, au bajeti imeisha, na bajeti ina msimu wake: Kenya, Uganda na Tanzania mwaka wa fedha unaanza Julai, Uingereza Aprili, Marekani ngazi ya taifa Oktoba. Jaza maombi yako wiki za mwanzo za mwaka huo, nyaraka zikiwa zimeshaskaniwa.