Kuongeza uwezo wa betri ya gari la umeme mjini Lubumbashi: hesabu za kufanya kabla ya kulipa

Mwenye gari la umeme anayetaka kubadilisha betri yake iliyochoka na kuweka kubwa zaidi huanza, mara nyingi, kwa kuuliza bei. Mjini Lubumbashi kuna maswali mawili yanayotangulia hilo: unaendesha kilomita ngapi kwa siku, na umeme unakaa nyumbani kwako saa ngapi kila usiku. Betri ni chombo cha kuhifadhia tu, na hata iwe kubwa namna gani, haitatoa umeme ambao haukuingia.

Nitatumia Nissan Leaf kama mfano, kwa kuwa ni gari lililoenea katika soko la magari ya umeme yaliyotumika na mafundi wa nchi nyingi wamekwisha kubadilisha betri zake. Leaf ilianza kuuzwa mwaka 2010 ikiwa na betri ya kilowati-saa 24 (kilowati-saa ni kipimo cha umeme unaohifadhiwa au kutumika). Baadaye zikaja za 30, za 40 mwaka 2017, na za 62 mwaka 2019. Kwa vipimo rasmi vya Marekani, ile ya kwanza ilikwenda kilomita 117 ikiwa mpya, na ile ya 40 kilomita 243.

Anza kwa kupima afya ya betri uliyo nayo. Chomeka kwenye tundu la uchunguzi la gari kifaa kidogo cha kusoma kompyuta yake, kisha fungua programu ya LeafSpy kwenye simu. Itakuonyesha asilimia ya uwezo uliobaki pamoja na volti za kila seli. Vile vijistari 12 vya kwenye dashibodi visikutosheleze, kwa sababu cha kwanza hutoweka baada ya takriban asilimia 15 ya uwezo kwisha kupotea, na muuzaji asiye mwaminifu anaweza kuvirudisha vyote kwa muda. Ukiona seli moja au mbili zimeshuka sana huku nyingine zikiwa sawa, badilisha moduli (pakiti ndogo za seli) zilizo dhaifu peke yake. Gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya betri nzima.

Sasa fanya hesabu ya umeme, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoamua mambo katika mji wetu. Soketi ya kawaida ya volti 220 ikitoa ampea 10 ni kilowati 2.2. Umeme ukikaa saa sita usiku, unapata kilowati-saa 13, na baada ya ule unaopotea njiani zinabaki kama 11 ndani ya betri. Leaf hutumia takriban kilowati-saa 16 kwa kilomita 100, kwa hiyo usiku mmoja unakupa karibu kilomita 70. Anayeendesha kilomita 40 kwa siku anaweka akiba kila usiku. Kwake betri kubwa ina maana, maana anaijaza katika usiku wa umeme na kuitumia siku zile mtaa unapokaa gizani. Anayeendesha kilomita 100 kwa siku anapungukiwa na kilowati-saa tano kila siku, na hata akiweka betri ya 40 iliyojaa, itamwishia baada ya wiki moja hivi. Huyu atumie fedha zake kwanza kuvuta laini ya pekee ya ampea 16, yenye waya mnene, kikata umeme chake na waya wa ardhini uliofungwa vizuri, kwani chaja nyingi hukataa kufanya kazi pasipo waya huo. Kwa laini hiyo, saa zile zile sita zinatoa kama kilowati-saa 20.

Baada ya umeme, angalia safari. Betri ya 24 iliyobaki na asilimia 70 ya uwezo hutoa takriban kilomita 90: Kipushi unakwenda na kurudi bila wasiwasi, lakini Kasumbalesa hutarudi, na Likasi, iliyo umbali wa kilomita 120 hivi, hufiki. Betri ya 40 yenye afya hukupa kama 220, yaani Kasumbalesa kwenda na kurudi kwa uangalifu, na Likasi ikiwa una mahali pa kuchajia huko. Kolwezi, kwa kilomita zake 300, inahitaji ile ya 62, nayo iondoke Lubumbashi ikiwa imejaa.

Kuhusu bei, usidanganywe na takwimu za viwandani. BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa nishati, ilikadiria mwaka 2024 kwamba wastani wa bei ya betri ulikuwa dola 115 kwa kilowati-saa, lakini hiyo ni bei ya viwanda vinavyonunua kwa wingi. Wewe utanunua betri iliyotolewa kwenye gari lililopata ajali Japani au Ulaya, itasafirishwa kama mzigo wa hatari wa daraja la 9, itashuka Dar es Salaam au Durban, itapanda malori, na itapita forodhani. Inaniuma kuona kwamba kobalti iliyomo katika betri hizo huenda ilitoka Kolwezi, nasi tunalipia safari ya kuirudisha. Kwa hiyo mwombe muuzaji bei ya betri ikiwa imefika Lubumbashi, kisha ongeza ufundi na kifaa cha kutafsiri mawasiliano kati ya betri mpya na kompyuta ya gari la zamani, maana bila hicho gari halitaitambua betri.

Tuseme jumla ni dola 6,500. Ukitoka kilomita 90 kwenda 220, kila kilomita uliyoongeza imekugharimu dola 50. Igawe jumla hiyo kwa miaka minane, kisha kwa safari ambazo betri ya zamani isingeziweza. Zikiwa 25 kwa mwaka, kila safari inabeba dola 32 za betri peke yake, na hapo ni nafuu kukodi gari. Zikiwa 100, inabeba dola nane, na betri inajilipa.

Betri ya 40 hukaa mahali pa ile ya 24 bila kukata chuma. Ile ya 62 ni nene na nzito kuipita kwa kilo zaidi ya 100, hivyo hudai vipande vya kushushia na springi zenye nguvu, na kwa barabara zetu za msimu wa mvua siipendekezi. Kazi yenyewe si ya kujaribia: betri ina volti zipatazo 360, na fundi lazima atoe plagi ya usalama, asubiri angalau dakika kumi, avae glavu za volti 1,000, na ashushe mzigo wa kilo 300 kwa meza ya kunyanyulia.

Betri ya zamani usiiache karakanani, kwa kuwa ni sehemu ya thamani uliyolipia. Ina moduli 48; saba zikiunganishwa mfululizo hufaa inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) ya volti 48, na makundi sita yaliyobaki na asilimia 70 ya uwezo huhifadhi zaidi ya kilowati-saa 14 kwa ajili ya nyumba. Mwache fundi aifungue, nawe udai kila kundi liwe na kidhibiti chake cha seli, na moduli zilizobaki zihifadhiwe pakavu, zikiwa na chaji ya nusu.