Mti wa uani ukianza kuumwa anza kuangalia shina, dawa baadae

Wadau nawaomba sana, mti ukianza kunyauka usikimbilie duka la pembejeo na picha ya jani moja kwenye simu. Sisi ndo tulivyofanya kwa mkrismasi wetu wa uani, ule mti wa maua mekundu, majani yakawa yanapukutika upande mmoja wakati mikrismasi mingine ya mtaani iko kijani, tukauziwa dawa ya wadudu tukapuliza mara mbili, kumbe ugonjwa uko mizizini huko. Masika ilipokolea mti ukalalia ukuta, na mizizi iliyong'oka ilikuwa imekuwa myeupe laini kama sponji, ukiibonyeza kidole kinazama. Mti wa miaka mingi ule, hadi leo ile sehemu jua linapiga tu.

Kwa hiyo anza chini. Fukua udongo kidogo pale shina linapoingia ardhini, uangalie kama kuna uyoga mgumu kama ubao, juu wa kahawia unang'aa kama umepigwa vanishi, ukingo wake mweupe. Huo ni ganoderma, kuvu wa kuozesha mizizi na shina, na ukiuona nje ujue ndani umeshakula sana. Gonga shina kwa nyundo kuzunguka pande zote, likilia kama debe tupu hapo ndani pameoza. Dawa ya kupuliza haifiki huko jamani, kama mti uko karibu na nyumba au njia ukatwe, kisiki na mizizi ing'olewe, na pale pale usirudishie mkrismasi wala mvinje. Kuvu hawa wengi wanapitia kwenye vidonda: jembe, fyekeo, moto wa takataka chini ya mti, mizizi iliyokatwa ili pevingi zikae sawa.

Wenye mivinje huku pwani, angalieni gome. Likivimba malengelenge na ukilipasua unakuta unga mweusi kama masizi, huo ni ugonjwa wa kuvu na mti haponi. Kata, toa uani, choma mbali na mivinje mingine, maana ule unga ndo mbegu za ugonjwa zinazopeperuka.

Sasa kuna ule weusi wa juu ya majani unaotisha watu bure. Pitisha kidole, ukifutika huo ni ukungu wa juu juu tu unaofanana na masizi, unaota kwenye utamu unaodondoshwa na vidung'ata na wadudu gamba walioko chini ya jani, utawajua kwa sisimizi wanavyopanda na kushuka. Hapo tatizo ni wadudu, dawa ya ukungu haikusaidii kitu. Mti mdogo uoshe kwa maji ya sabuni ya kipande, hakikisha yanafika chini ya majani, rudia baada ya wiki. Matawi yanayogusa ukuta yapunguze ili sisimizi wasipate daraja.

Kwa mwembe, maua yakipata unga mweupe ni ubwiri, salfa inafanya kazi vizuri ukiwahi maua yanapochomoza tu, ukisubiri mpaka yakauke umechelewa. Yakiwa na madoa meusi na viembe vichanga vinadondoka, hasa maua yakikutana na mvua, hiyo ni chule, ugonjwa mwingine wa kuvu. Dawa yake ni ya kopa, yaani ya shaba, ila fagia majani na matawi makavu kwanza halafu punguza katikati ya mti upepo upite, bila hivyo kila msimu utakuwa unapuliza.

Na kukata matawi tuache panga, panga linachana gome na kile kidonda hakifungi vizuri. Tumia msumeno, ufute na spirit kabla ya kuhamia mti mwingine. Tawi kubwa kata kwa awamu, kwanza chini yake kama futi moja kutoka kwenye shina, usogee mbele kidogo ukate kutokea juu lidondoke, mwisho toa kipande kilichobaki, ukate nje kidogo ya ule uvimbe unaoshikana na shina. Uvimbe wenyewe usiuguse, ndo unaotengeneza ngozi mpya. Rangi wala oili chafu usipake, acha pakauke penyewe.

Fundi wa pevingi akija mwambie aache angalau mita moja ya udongo wazi kuzunguka shina, na usimame hapo mwenyewe siku anayochimba.