Kufunga hesabu ya nafsi baada ya Isha

Nina duka la rejareja Ngamiani, Tanga: mchele, unga, mafuta ya kupima, sabuni za vipande, na uwakala wa pesa za simu pembeni. Muuza duka mwenye akili hasemi "leo sijauza" kabla hajahesabu droo na kupitia daftari la madeni. Lakini ukishamaliza kufunga, unalala na hukumu kubwa kuliko hiyo, "sina bahati mimi", "maisha yangu yote hasara", na daftari la hukumu hiyo halijafunguliwa hata siku moja.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilieleza jambo hili kwa lugha ya biashara hasa. Katika kitabu chake Ihyaa Ulumuddin anasema akili ni mfanyabiashara, nafsi ni mshirika wake, na mtaji ni umri. Asubuhi wanawekeana masharti, mchana mwenye mali anamchunga mshirika, usiku wanahesabiana. Yeye anaendelea mbele hadi kuiadhibu nafsi na kuikaripia. Hatua hizo nawaachia wenye masheikh wa kuwaongoza, kwa sababu mtu aliyezoea kujisema vibaya ukimruhusu kujikaripia atajikaripia mpaka adhana ya Alfajiri. Sisi tuchukue tatu za mwanzo.

Sharti huwekwa baada ya Alfajiri, kabla hujashika simu. Moja tu, na liwe linahesabika usiku. "Leo nitakuwa mtu wa shukrani" halihesabiki. "Leo sitachungulia duka la jirani kuona lina wateja wangapi", hilo linahesabika, na ndilo langu karibu kila wiki, maana hapo ndipo ninapoumwa. Wewe tafuta pako. Kijana aliyemaliza chuo na hajapata kazi, huenda pake ni picha za wenzake kwenye simu kabla hajanywa chai.

Kuchunga ni kazi ya mchana kutwa, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa kwa kuanza vibaya. Wazo likishakuingia, usianze kulihukumu wala kujihukumu. Iko hadithi sahihi, kwa Bukhari na Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yale ambayo nafsi zinajizungumzia ndani, maadamu mtu hajayatenda wala kuyatamka. Watu wa dini tunateseka mara mbili: kwanza wazo lenyewe, halafu hofu kwamba kuwa na wazo kama lile ni upungufu wa imani. Hiyo ya pili iondoe mwanzo kabisa, mzigo nusu utashuka.

Kisha litake wazo ushahidi. Mtu akija dukani akasema deni lake ameshalipa, simfokei wala simkubalii, nafungua daftari. Basi likija "wateja wote wamenikimbia", uliza: wote? Nani na nani? Tangu lini? Mara nyingi nikihesabu nabaki na mteja mmoja aliyehamia Pongwe na mwingine ninayemdai, anayeona haya kupita mbele ya duka. Wazo halijafa, ila limepungua hadi kimo chake cha kweli, na cha kimo hicho kinashughulikika. Yule wa deni unamtumia salamu: apite tu, tutapangana.

Lakini wazo likileta ushahidi kamili? Kodi ya fremu kweli imepita, mtoto kweli amefeli. Hapo usilipake rangi. Liandike upande wa madeni kama lilivyo, uendelee kuhesabu. Huzuni si kukufuru. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi, akasema jicho linalia na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kwa hiyo yule anayekuja matangani na "shukuru, wenzio wana makubwa zaidi", mpe kahawa, mwache aende zake. Hadithi ya kutazama walio chini yako ipo na ni sahihi, lakini imekuja usizidharau neema ulizonazo wewe. Haikuja kumnyamazisha mfiwa.

Na daftari hili lina mpaka wake. Ikiwa usingizi na hamu ya kula vimekupotea zaidi ya wiki mbili, au umeanza kuona afadhali usiwepo, hiyo huenda ni ugonjwa wa sonona. Mwambie mtu wa nyumbani leo hii, mwende hospitali. Sisi wa Tanga tuna Bombo. Daktari hakuzuii kuomba dua.

Sasa hesabu yenyewe. Ukishaswali Isha, usiondoke kwenye mkeka. Daftari la shule la kawaida linatosha, ukurasa uugawe kwa mstari. Anza na yaliyoingia. Jirani yangu Mkatoliki naye ana hesabu yake, ule uchunguzi wa dhamiri wa Mtakatifu Inyasi wa Loyola, nao pia huanza na shukrani kabla ya makosa. Naona mzee huyo alijua jambo: ukianza na makosa, mkono huwa mzito na yaliyoingia huyafikii.

Andika kitu, mtu na wakati. "Nashukuru kwa uhai, afya na familia" ni maneno mema, lakini ukiyarudia usiku baada ya usiku mkono unaandika peke yake. Andika hivi: kijana wa guta ameniingizia magunia mawili ya mchele hadi ndani, hakudai ziada. Umeme umerudi kabla maziwa hayajaharibika. Goti halikuniuma nilipoinama kwenye debe la mafuta.

Na usiku usioona chochote? Shika kitu kimoja ukifuate kinyumenyume. Ghazali alifanya hivyo kwa chakula katika mlango wake wa shukrani, mimi nafanya kwa kikombe cha chai. Majani yamechumwa Usambara Mashariki, na mchumaji ameamka kwenye ukungu na baridi. Maji yametoka Mto Zigi, yakakusanywa bwawa la Mabayani, yakasafishwa, yakapita kwenye bomba la mtaa wetu. Sukari huenda ni ya Mtibwa, tangawizi imeteremshwa kutoka milima ya Same. Bado mkata miwa, dereva wa lori, mpakiaji, aliyefinyanga kikombe. Halafu koo, linalomeza bila kukuuliza. Hujafika nusu ya mnyororo na ukurasa umejaa.

Upande wa pili ni sharti lako. Limevunjika? Andika mstari mmoja: "Limevunjika saa kumi jioni, duka la jirani." Leta istighfari, funga. Usiandike hadithi ya kwa nini. Hadithi hiyo ndiyo inayokukesha.

Inabaki shughuli ya Ijumaa. Kwa Ghazali shukrani ni elimu, hali ya moyo, na tendo, na tendo ndilo tunalolisahau. Mtume (s.a.w.) amesema asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Alhamisi usiku pitia kurasa za wiki, chagua mtu mmoja. Ijumaa mwendee au mtumie ujumbe wa sauti, utaje jambo lenyewe: "Mwanangu, Jumanne uliniingizia mchele hadi ndani. Mgongo ulikuwa umenikatika siku ile, nawe hukujua. Ahsante sana, Mungu akulipe." Usiongeze ombi kwenye ujumbe huo huo. Ukiwa na mzigo mwingine wa kubebwa, mpigie Jumamosi.