Kupamba ukuta wa mtaa kwa chokaa, wakaazi wenyewe wakishika brashi

Kuta za Mji wa Kale wa Lamu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Hufyonza unyevu na kuutoa. Ukizipaka rangi ya plastiki, unyevu hunaswa ndani, chumvi husukuma plasta na mapambo yote hubanduka. Paka chokaa yenye rangi tu.

Anza na idhini ya mwenye nyumba. Mji huu umo katika orodha ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo Makumbusho ya Taifa pia waone mchoro mapema. Kisha keti na wazee wa baraza inayoelekea ukuta huo, na akina mama wasukao mikeka: wao ndio watakaoutazama kila siku. Misuko ya ukili, nakshi za milango, matanga ya majahazi, yote hufaa. Sura za watu na wanyama huzua ubishi karibu na misikiti; ziache.

Chora kwanza karatasini, kwenye miraba ya sentimita 5. Ukutani kila mraba uwe sentimita 50. Kila nyumba ipewe safu yake.

Zimua kwa maji chokaa iliyokwisha kuzimwa (iliyotiwa maji ikachemka na kupoa) hadi iwe kama maziwa, uichuje. Rangi ya unga ya oksidi, iliyolowekwa usiku kucha, isizidi gramu 100 kwa kilo ya chokaa. Ikizidi haishiki, na katika vichochoro vyetu vyembamba itaishia kwenye mabuibui ya wapitao. Changanya ya kazi nzima kwa mara moja, maana kuifananisha baadaye ni taabu.

Rowesha ukuta, upake mkono mwembamba, yaani tabaka moja jepesi. Ikiwa mbichi huonekana kama maji matupu, na hapo ndipo wengi huongeza uzito. Wazuie! Chokaa nzito hupasuka. Paka mikono 4, siku nzima kati ya mmoja na mwingine, ukutani pakiwa na kivuli cha turubai. Chokaa huunguza macho: miwani na glavu kwa wote, na watoto wasichanganye.

Maswali

*Mwalimu, ukuta wetu Wiyoni ni wa bloki na saruji. Je?*
Hapo rangi ya maji ya nje inafaa. Plasta mpya ikae siku 28 kwanza.

*Shikamoo. Chini pametoka unga mweupe.*
Marahaba. Ni chumvi. Ipanguse kwa brashi kavu. Ukiiosha inarudi ndani. Tafuta maji yanakotoka, pengine mfereji umeziba.

*Kijana amekosea safu nzima, tuikwangue?*
La. Ikikauka, pitisha mikono 2 ya chokaa nyeupe, naye achore tena.