Umeangusha elki peke yako porini Colorado, sasa nyama inatokaje?

Kuna watu wameniuliza sana hii kitu tangu niwaonyeshe friza langu, wengi ni Wabongo na Wakenya wenzangu wa huku Denver na Aurora wanaotaka kuanza kuwinda, na wote wanauliza bunduki gani risasi gani. Bunduki sio ishu bana. Ishu ni kwamba ukishafyatua na mnyama kalala chini, uko peke yako, jua linazama, gari lipo kilomita tatu nyuma ya mlima.

Kwa asiyemjua, elki ni jamaa wa ukoo wa kulungu wa huku (deer), wale ambao dume lina pembe za matawi, ni mkubwa kuliko tandala ila hamfikii pofu. Dume zima linafika kilo 300 na zaidi, jike kama 220 hivi. Ukitoa ngozi, matumbo, kichwa na mifupa, dume linakuachia nyama kama kilo 80 mpaka 110, jike kilo 60 mpaka 80. Sa piga hesabu. Mtu wa kawaida asiyefanya mazoezi ya kijeshi anabeba kilo 25 mpaka 30 kwenye njia ya mlima bila kuumia, kwa hiyo dume ni trip nne au tano. Ukiwa kilomita tatu toka kwenye gari, trip tano ni kwenda na mzigo mara tano na kurudi mtupu mara nne, jumla kilomita 27, afu uko mita 3,000 juu ya usawa wa bahari ambako hata kufunga kamba za viatu unahema. Hiyo hesabu ifanye kabla hujaweka kidole kwenye traiga. Mimi nina mpaka wangu, nikiwa peke yangu sivuki kilomita tatu, na bondeni ambako kutoka ni kupanda mwanzo mwisho sipigi hata dume lije linisalimie. Nimekulia Tukuyu, mikungu ya ndizi nimepandisha milima tangu mdogo nikadhani najua kubeba, mwaka wa kwanza huku nikapiga jike bondeni saa kumi na moja jioni, nikajuta.

Tuseme kalala. Kwanza saini tag yako, ile karatasi ya kibali cha kuwinda inayofungwa kwenye mnyama, andika tarehe hapohapo kabla hujaanza hata kupiga picha, maaskari wanyamapori wa huku hawana utani. Tuma meseji kwa setilaiti kwa mtu aliyebaki nyumbani umwambie ulipo na kwamba utachelewa, simu ya kawaida kule haishiki. Kama pako mteremko, mfunge mnyama kwenye mti asije kuporomoka na wewe uko chini yake.

Halafu usimpasue tumbo. Najua nyumbani tunaanza na tumbo, lakini hapa uko peke yako na huna wa kukushikia mguu. Mlaze ubavu, chana ngozi mgongoni kuanzia shingoni mpaka mkiani, kisu kiwe chini ya ngozi makali yakitazama juu ili usikate manyoya yakajaa kwenye nyama. Chuna kushuka tumboni. Mguu wa mbele hauna kiungo cha mfupa na mwili, ni misuli tu, kwa hiyo unaunyanyua na kukata nyuma ya bega unatoka wenyewe. Paja la nyuma ndo kazi, fuata mfupa wa nyonga mpaka uone kile kirungu cha mfupa kwenye kikombe chake, kata mshipa wake, linaachia. Hapo kamba inasaidia kweli, funga kwato uvutie kwenye mti mguu ubaki juu wakati unakata. Kisha nyama ya mgongo ile ndefu, shingo, nyama za katikati ya mbavu. Mgeuze, rudia upande wa pili. Sarara za ndani zinatoka mwisho, unachana kidogo nyuma ya ubavu wa mwisho, unasukuma utumbo chini kwa mkono mmoja, mwingine unachomoa. Ukiwa peke yako weka masaa matatu mpaka manne, usijilinganishe na wale wa Youtube. Na kata kila mara kisu kikielekea mbali na mwili wako, maana visu vya wembe wa kubadilisha ni vikali mno na kule hakuna wa kukufunga kidonda.

Sheria ya Colorado inataka uthibitisho wa jinsia ubaki umeshikamana na nyama, yaani korodani au sehemu ya kiwele iache kwenye paja moja, usiikate kwa usafi wako.

Sasa adui. Watu wote wanaogopa dubu, mimi naogopa joto. Msimu wa mishale ni Septemba na mchana jua linawaka hasa, na lile paja la nyuma ni nene kiasi kwamba nje linaweza kuwa baridi wakati ndani kwenye mfupa bado ni moto, linaanza kuoza kuanzia mfupani kwenda nje na wewe huoni kitu mpaka siku ya kukata nyumbani harufu inakupiga. Ndivyo lilivyoniharibikia paja zima la yule jike wa bondeni. Dawa yake ni kuchuna haraka na kuchana paja kufuata mfupa joto litoke, au toa mfupa kabisa, mimi nikiwa peke yangu natoa mifupa yote, sibebi mfupa wa kumpa mbwa kilomita tatu. Nyama iingie kwenye mifuko ya kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Mfuko wa plastiki au wa takataka hapana, unafuga joto na jasho.

Mifuko ikishajaa usiiache pale kwenye mzoga. Isogeze mita 100 na zaidi, upande wa mlima unaotazama kaskazini, kwenye kivuli cha misonobari, ining'inize kwenye tawi. Kama huwezi kuning'iniza panga magogo mawili uilaze juu hewa ipite chini. Chagua sehemu ambayo ukirudi unaiona kutoka mbali, ili kama dubu kashafika umuone kabla hajakuona, na kama keshaikalia muachie, nyama yake hiyo. Colorado ni dubu weusi wengi wao waoga, ila ukienda Wyoming kaskazini magharibi au Montana kuna wale wa kahawia wakubwa, huko kuwinda peke yako fikiri mara mbili.

Trip ya kwanza mara nyingi ni usiku, kwa hiyo beba mzigo mdogo, sarara na nyama ya mgongo tu, unajifunza njia na kuweka alama kwenye GPS. Mapaja yasubiri asubuhi. Mzigo ukae juu karibu na mabega na umebana mgongo, mkanda wa kiunoni ndo ubebe uzito. Kunyanyuka vaa begi ukiwa umekaa, geuka upige magoti, simama na fimbo mbili za kutembelea. Bila fimbo magoti yako yataniambia. Theluji ikiwepo vuta kwenye sledi ya plastiki, raha tupu, ila mkokoteni wa magurudumu kwenye maeneo yale ya pori lililotengwa hairuhusiwi. Na kuna watu wenye vibali na nyumbu wao, wale chotara wa punda na farasi, wanabeba kwa malipo, pata namba zao kabla ya msimu, sio siku umeshaua.

Kula. Mimi ni chapati na karanga na maji yenye chumvi kidogo, kila nikifika kwenye gari nakula hata kama sina njaa.

Kwenye gari acha deli kubwa lenye chupa za maji zilizogandishwa, sio barafu ya kuyeyuka nyama ikaogelea. Kichwa peleka kwenye ofisi ya wanyamapori ya jimbo wapime ule ugonjwa wa ubongo wa kulungu na elki, ulitambuliwa kwa mara ya kwanza hapahapa Colorado mwaka 1967, na mpaka majibu yatoke usigawe nyama kwa majirani. Waislamu wenzangu, bismillahi ni kabla ya kufyatua. Na kama uko kwa viza sio green card, soma sheria za silaha zinazokuhusu kabla hujaazima bunduki ya mtu.

Mzigo wa mwisho ukishafika, usiwashe gari. Laza kiti, lala masaa mawili, barabara za kule zina kona na wewe hujalala tangu jana.